Kilomita nne chini ya barafu, wanakula nini?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Pangani. Tulikuwa kwenye mnyororo wa chakula, kidato cha tatu, mwanafunzi mmoja akasimama akasema amesoma kwamba chini kabisa ya Bahari ya Aktiki, pasipofika mwanga wala joto, matope yamejaa wanyama wadogo sana. Wenzake wakamcheka, nami sikuwa na la kumtetea. Je, ni kweli? Kama ni kweli, wanakula nini, na kwa nini wawe wadogo tu? Halafu hii barafu inayosemwa inayeyuka: ikiisha, si ndiyo watashiba?"

Jibu:

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Kama hukunizidi, habari za darasani. Kijana wako mwambie asimame tena, na wale waliomcheka wampigie makofi. Alichosoma ni kweli.

Nianze na hao wanyama wenyewe. Kitaalamu huitwa meiofauna, jina lenye asili yake katika kazi ya Molly Mare, mtafiti wa Kiingereza aliyechunguza matope ya bahari karibu na Plymouth na kuchapisha matokeo mwaka 1942. Alihitaji neno la kuwataja viumbe wasiofikia ukubwa wa chaza wala kushuka hadi udogo wa bakteria, akachukua neno la Kigiriki lenye maana ya "pungufu". Siku hizi tunawatenga kwa ungo tu. Anayepenya ungo wa tundu la milimita moja, kisha akanaswa na ungo wa tundu la mikromita 32 (mikromita elfu moja ndiyo milimita moja), huyo ni wetu. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo tundu la ule ungo wa pili halifiki hata nusu ya unywele.

Kwenye matope ya bahari kuu, tisa katika kila kumi ya wanyama hawa, mara nyingi zaidi ya hapo, ni nematodi: minyoo myembamba isiyo na pingili. Ni ukoo mmoja na mchango, yule wa tumboni mwa watoto, ila hawa hawamsumbui mtu. Wanaobaki ni kopepodi, jamaa wadogo sana wa kamba, wanaotambaa kwenye tope, dubu wa maji wenye miguu minane, na mara chache lorisifera, kundi zima la wanyama ambalo sayansi haikulijua mpaka Reinhardt Kristensen wa Denmark alipolieleza mwaka 1983. Wapo pia foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba za chokaa au za punje za mchanga. Hao kwa kanuni si wanyama, lakini kwenye tope la Aktiki huwezi kuwapita usiwaone.

Neno moja tu la mwanafunzi wako ningelipunguza makali: "yamejaa". Inategemea unalinganisha na wapi, na hapa bahati ni yenu watu wa pwani, kwa sababu ulinganisho mzuri kuliko wote uko mlangoni kwenu. Miaka ya mwanzo ya tisini watafiti kutoka Ubelgiji walihesabu meiofauna kwenye mikoko ya Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Kipimo chetu ni sentimita 10 za mraba, eneo kubwa kidogo tu kuliko kizibo cha soda. Kwenye eneo hilo, chini ya mkandaa walikuta wanyama karibu 2,000. Chini ya muia, ambao Tanzania wengi huuita msinzi, zaidi ya 6,000. Katikati ya Bahari ya Aktiki, chini ya barafu ya kudumu, eneo lilelile hutoa mia moja, mia mbili, ikizidi sana mia tatu hivi. Kwa hiyo wapo, na ukizidisha kwa mita ya mraba unapata laki na malaki. Lakini ukitoka Gazi ukaenda kule, ni kama umetoka Kariakoo Jumamosi ukaingia kijiji ambacho watu wameenda shamba.

Fanya na wanafunzi hesabu hii ubaoni, mimi huipenda kuliko maelezo yoyote. Chukua mnyoo wa kawaida wa kule: urefu mikromita 600, unene mikromita 20. Uzito wake unakuja kama mikrogramu 0.15. Wakiwa 200 kwenye kizibo chetu, mita ya mraba ina 200,000. Zidisha: miligramu 30. Hiyo ni punje moja ya mchele. Minyoo yote ya mita nzima ya mraba, wake kwa waume na watoto wao, ukiwakusanya kwenye mizani wanalingana na punje moja ya mchele, na sahani ndiyo hiyo meza nzima.

Hapo ndipo penye jibu la "kwa nini wadogo tu". Tuseme badala ya kugawanywa kwa minyoo, nyama hiyo yote iwe ya kamba, kamba wa gramu tatu, wale wa kukaanga. Ili umpate mmoja unahitaji mita za mraba 100, yaani madarasa mawili yaliyounganishwa. Mwenzake yuko madarasa mawili mengine. Giza totoro, na hajui kama mwenzake ni dume au jike. Mwanafunzi mjanja atakuambia kwamba mnyama mkubwa hula kidogo kwa kila gramu ya mwili wake kuliko mdogo, kwa hiyo chakula kilekile kingeweza kulisha kilo nyingi zaidi za wakubwa. Ni kweli, mpe alama zake. Punguza hesabu mara tano ukitaka: bado ni kamba mmoja kwa mita 20 za mraba, na bado kuoana ni shida. Mnyoo wetu, ndani ya kizibo kile kimoja, ana majirani 199. Jambo hili Mjerumani Hjalmar Thiel alilitolea hoja miaka ya sabini: kadiri chakula kinavyopungua, ndivyo jamii ya sakafu ya bahari inavyozidi kuwa ya watu wafupi, kwa sababu udogo ndio unaoruhusu idadi ibaki ya kutosha kuendeleza kizazi.

Wakubwa hawajatoweka kabisa. Wapo majongoo bahari wanaotembea kule chini, lakini angalia neno: wanatembea. Mkubwa anayeishi kwenye njaa lazima awe msafiri, ahame kutoka tonge hadi tonge. Mnyoo hasafiri. Anakaa palepale alipoanguliwa na kusubiri.

Watu wengi hudhani tatizo kubwa la kule ni baridi na mgandamizo wa maji. Mgandamizo niumalize haraka. Kwa kina cha mita 4,000 ni mara 400 ya ule wa hewa tunayovuta hapa, sawa, lakini mgandamizo huponda penye hewa. Chukua chupa mbili za maji za plastiki, moja tupu imefungwa, nyingine imejaa pomoni, uzibonye. Mnyoo ni ile iliyojaa. Baridi ni nyuzi 0.8 hivi chini ya sifuri, chumvi ndiyo inayozuia maji yasigande, na baridi hiyo kwa kweli ni rafiki: inapunguza kasi ya mwili, na mwili wa polepole haudai chakula kila saa. Kinachotawala kule ni njaa.

Njaa yenyewe inatoka juu. Mnyororo wote wa chakula uliowafundisha unaanza na mwanga, na mwanga wa kule una maadui wawili. Wa kwanza ni majira: Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard huko Norwe, ulioko latitudo 78, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Oktoba mpaka katikati ya Februari, na ukizidi kwenda kaskazini usiku unarefuka. Wa pili ni barafu na theluji iliyolala juu yake, pazia mbele ya mwani. Kipindi cha mwani kuota ni kifupi, wiki chache za kiangazi. Kinachoota kinaliwa kwanza na wenye nyumba wa juu, kopepodi wanaoelea. Kinachobaki, pamoja na vinyesi vyao, huanza kushuka kama chengachenga tunazoziita theluji ya bahari. Safari ni ya kilomita nne. Kwa mwendo wa makumi ya mita kwa siku, mia na ushee kwa zilizo nzito, ni wiki nyingi, pengine miezi, na njiani kila bakteria anamega. Kwenye bahari kuu kwa jumla, kinachofika chini kwa kina hicho ni kama asilimia moja ya kilichotengenezwa juu. Katikati ya Aktiki hata hicho cha juu chenyewe ni haba, kwa hiyo ni asilimia moja ya kidogo.

Na kinachofika si kitamu. Sehemu laini imeshaliwa, wanapokea makapi. Umewahi kuona sherehe ya harusi jinsi sinia linavyopita: wageni wa heshima, kisha ukumbi, kisha wapishi, kisha watoto wa mtaani, mwisho kuku. Hawa wetu wanakuja baada ya kuku.

Sasa wanafanyaje? Watafiti walichukua mashapo yenye wanyama hai kutoka vilindi vya Aktiki na vya Bahari ya Kusini, ile inayozunguka Antaktika, wakawapa vyakula viwili vilivyotiwa alama ya kaboni nzito: mwani kwa upande mmoja, bakteria kwa upande mwingine, kisha wakapima alama ile imeingia kiasi gani miilini mwa nematodi. Walioliwa zaidi ni bakteria kuliko mwani. Mwani mbichi, chakula ambacho sisi tungedhani ni pilau kwao, hawakuukimbilia. Inaingia akilini: bakteria ndio wenye uwezo wa kuvunja yale makapi magumu yaliyokaa kwenye tope kwa miaka, na wapo siku zote, msimu wa mwani na usio wa mwani. Mnyoo anayekula bakteria ana ghala ambalo halifungwi. Kwa hiyo ukichora mnyororo wako ubaoni, kati ya mabaki na mnyama weka bakteria, na mshale wake uwe mnene.

Nilikaa miezi kadhaa kwenye maabara moja ya Ulaya nikitenganisha sampuli za vilindi, na kilichonifundisha zaidi ni midomo. Nematodi unamjua anakula nini kwa kumwangalia mdomo, kama unavyomjua ndege kwa mdomo wake. Kuna jenasi moja, Halalaimus, ambayo ukiiona mara ya kwanza unadhani ni uzi umeanguka kwenye kioo: kichwa chake ni chembamba mno, hana jino, hana hata chumba cha mdomo, ana tundu tu. Huyo hawezi kutafuna wala kukwangua, anafyonza kilicho kidogo kuliko yeye, yaani bakteria na umajimaji wao. Thalassomonhystera ana mdomo kama faneli ndogo. Kisha unakutana na Sphaerolaimus, mdomo wake kama pipa, na siku ukibahatika unakuta ndani ya utumbo wake amejikunja mnyoo mwingine mzima, mpaka vinyweleo vyake unavihesabu. Uwindaji upo hata kwenye punje ile ya mchele. Ninayempenda mimi ni Desmoscolex: mwili wake umezungukwa na pete nene za uchafu alioubandika mwenyewe, ukimtazama ni kama rundo la matairi yaliyopangwa kwa fundi wa pancha, na matairi yana nywele zilizosimama.

Majike nayo yana hadithi yao. Wa mikokoni utawakuta wamebeba mayai yaliyopangana. Wa kule mara nyingi nimeona yai moja, au mawili, tena kubwa kwa mwili wa mama. Halafu hakuna kupeleka watoto juu kuelea na mkondo, kama wafanyavyo kaa na kamba. Mtoto anaanguliwa kwenye tope lilelile akiwa na umbo la mnyoo kamili, anajivua ngozi mara nne, amekuwa mtu mzima.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wangu, nawe unaweza kulionyesha bila hadubini. Mpeleke mtoto mikokoni achimbe kwa mkono. Milimita chache za juu zina rangi ya kahawia, chini yake ni nyeusi na inanuka yai viza. Ni kwa sababu chakula ni kingi mno: bakteria wamekila na kuimaliza hewa ya oksijeni, wakabaki wale wanaotengeneza ile harufu. Tope la katikati ya Aktiki ukilikata sentimita kumi kwenda chini bado ni kahawia ileile, halinuki kitu. Hakuna aliyeshiba kiasi cha kuimaliza hewa. Kwetu wanyama wanagombea pumzi, kule wanagombea tonge. Ungetarajia basi wasambae hadi chini kwa kuwa hewa ipo, lakini wengi wamejazana sentimita moja mbili za juu, mahali ambapo makombo yanatua.

Utauliza tunalipataje tope hilo bila kulivuruga. Kifaa ni fremu ya chuma yenye neli za plastiki angavu, huteremshwa kwa kebo ya winchi. Kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, kilomita nne ni zaidi ya saa nzima kwenda tu. Ikigusa chini, neli zinajisukuma taratibu, vifuniko vinajifunga, inapandishwa. Ule utando wa juu kabisa, mwororo kama ukoko wa uji uliopoa, ndio wenye thamani, na ndio wa kwanza kupotea. Nakumbuka siku moja, meli inayumba, tumengoja saa mbili na nusu usiku wa manane. Neli zikapanda, tano zimejaa maji matupu na ya sita imepakwa tope nje kama mtoto aliyelambishwa uji. Hakuna aliyesema kitu. Fundi wa winchi akaenda kupika chai.

Ikiwa imefaulu, unakata tope kwa sentimita, unalitia formalini, unalipitisha kwenye nyungo zile mbili, kisha unalizungusha kwa kasi kwenye mashine pamoja na kimiminika kizito cha silika ili mchanga uzame na wanyama waelee. Rangi ya waridi iitwayo Rose Bengal huwashika wanyama na kuacha mchanga mweupe. Baada ya hapo ni shingo yako na hadubini. Mnyoo mmoja mmoja kwa ncha ya sindano.

Sasa lile swali lako la mwisho, nililoliacha kwa makusudi kwa sababu ndilo gumu. Barafu ikiyeyuka, mwanga utaongezeka, mwani utaongezeka, si watashiba?

Mwaka 2012 bahari ilitupa jaribio bila kuombwa. Septemba ya mwaka ule barafu ya Aktiki ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko chochote kilichokuwa kimepimwa na setilaiti. Meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilikuwepo katikati ya yale maji, ikiongozwa kisayansi na Antje Boetius. Wakateremsha kamera kwenye kina cha kati ya mita 3,500 na 4,400, wakakuta sakafu imetapakaa mafundo ya kijani. Ni Melosira arctica, mwani unaoota chini ya barafu kama nyuzi ndefu zinazoning'inia. Barafu ilikuwa nyembamba, mwanga umepenya, mwani umeota kwa wingi, kisha barafu ikayeyuka na kuuachia. Nyuzi zile ni nzito, hazikuchukua muda wa kuliwa njiani. Sehemu nyingine mafundo yalifunika hadi asilimia 10 ya sakafu.

Nani alikula? Majongoo bahari, wale wasafiri. Walionekana juu ya mafundo, na walipopasuliwa viungo vyao vya uzazi vilikuwa vimejaa kuliko kawaida: walishiba na kuwa tayari kuzaa. Nyota bahari wenye mikono myembamba nao walikuwepo. Na bakteria, bila shaka. Chini ya mafundo bakteria walikuwa wanaimaliza oksijeni, lile tope la kahawia linaanza tabia za tope la mikokoni.

Mweke sasa mnyoo wetu katika picha hiyo. Maisha yake yote, na ya bibi zake, yamejengwa juu ya makombo machache na hewa tele. Ghafla fundo la mwani ukubwa wa sufuria linaanguka juu ya mtaa wake. Kwa jongoo bahari ni karamu, atakula aondoke. Mnyoo hawezi kuondoka haraka, na hewa inakwisha. Hapa nasema kwa fikra yangu: sioni kwamba chakula kingi kinacholetwa kwa mafundo ni neema kwa wote. Kitanufaisha aina fulani, wale wanaovumilia hewa haba na kuzaa upesi, na kuwasukuma pembeni wale wa Halalaimus wenye tundu badala ya mdomo. Idadi inaweza kupanda huku orodha ya aina ikifupika. Ukitaka kuona picha yake, rudi Gazi.

Kisha kuna suala la aina ya chakula. Kwenye Mlango wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, taasisi ya Alfred Wegener ya Bremerhaven ina vituo inavyovipima tangu mwaka 1999, toka kina cha mita 250 hadi kama 5,500. Wameviita HAUSGARTEN, yaani bustani ya nyumbani, Wajerumani nao wana utani wao. Kati ya 2005 na 2007 maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki yalizidi pale, na juu mwani ukabadilika: dayatomu, wale wenye magamba mazito ya silika, wakapungua, wakaja wadogo kama Phaeocystis. Mwani wa dayatomu huzama haraka na kufika na uzito wake. Vile vidogo huelea, huliwa, huzungushwa palepale juu. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa na kijani kingi juu huku chini kinafika pungufu. Nikikujibu kwa neno moja kwamba watashiba au hawatashiba nitakuwa nimekudanganya. Inategemea ni mwani gani, umeota wapi, na umeanguka vipi.

Kwa bahati mbaya hawaletewi chakula tu. Kwenye tope la bustani ile walikuta vipande vidogo vya plastiki, sampuli moja ikiwa na zaidi ya 6,500 kwa kilo ya tope kavu. Vingi ni vidogo hata kuliko tundu la ule ungo wetu wa mikromita 32.

Nikukumbushe pia kwamba haya si mambo ya Wazungu na barafu yao tu. Mwaka 1992 meli ya Kiholanzi, Tyro, ilichukua matope kwenye mteremko wa bahari mbele ya Kenya hadi kina cha mita 2,000, na Agnes Muthumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji na Uholanzi, akayachambua na kuchapisha jamii za nematodi za hapo mwaka 2004. Jenasi kama Halalaimus na Acantholaimus ni za vilindi vya dunia nzima. Kwa hiyo ndugu wa hao wa Aktiki wako mbele ya dirisha lako, ukishuka vya kutosha.

Kwa darasa, msihangaike na vilindi. Subirini siku ya bamvua, maji yamekupwa. Kata shingo na kitako cha chupa ndogo ya maji upate neli, ichomeke kwenye tope la mikokoni, ziba juu kwa kiganja, ivute. Chukua sentimita moja ya juu tu, itie kwenye kikombe cha maji ya bahari, koroga, hesabu hadi kumi mchanga utue, kisha chukua tone la maji ya juu yenye ukungu uliweke kwenye kioo cha hadubini, ukuzaji mara 40. Wasiangalie umbo kwanza, waangalie mwendo. Kinachojipigapiga kama mjeledi kulia na kushoto, hakinyooki wala hakichoki, ni nematodi. Msimkose kwa kutia maji ya bomba, maji yasiyo na chumvi humuua upesi. Mtoto aliyechekwa ndiye apewe hadubini wa kwanza.